Nilivyobeba pipa la petroli ya Nairobi hadi matangani, eti kwa sababu kule kwetu ni ghali

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Tangu mjukuu wangu anifungulie akaunti nimekuwa msomaji tu, sisemi kitu. Lakini juzi bei ya mafuta ilipotangazwa nimeona vijana mkitukanana kurasa kumi na nne. Huyu analia mbona Mombasa ni nafuu. Yule anasema watu wa magharibi wanaonewa. Mwingine akaleta ramani.

Nikasema leo na mimi nitoe langu, maana hiyo vita yenu niliipigana kabla wengi wenu hamjazaliwa. Nilishindwa vibaya sana.

Yote ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe. Ningekuwa natunga, hakika ningejipa sehemu nzuri kuliko hii niliyo nayo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, naishi Shauri Moyo kwenye nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, chumba kimoja wanaume wanne. Kazi yangu ilikuwa kuweka watu mafuta kwenye petrol station moja Jogoo Road. Tulivaa ovaroli na kofia, na msicheke, ile kofia ilikuwa na heshima yake. Msichana akikuona nayo anajua unalipwa mwisho wa mwezi.

Sasa, ofisini kwa manager kulikuwa na karatasi imebandikwa ukutani. Karatasi ya serikali, bei ya mafuta kwa kila mji. Enzi hizo hakuna aliyejipangia bei, serikali ikisema tunafuata. Mombasa bei ilikuwa chini. Nairobi juu kidogo. Nakuru juu tena. Ukizidi kushuka na ile karatasi bei inazidi kupanda, mpaka unafika kwetu magharibi, karibu na mpaka, na hapo unatamani kukunja karatasi.

Sababu nitawapa bure ili muache kutukanana. Mafuta yalishukia bandarini na kusafishwa huko huko Mombasa. Bomba lilikuwa limeletwa mpaka Nairobi, hapo likachoka. Kutoka Nairobi kwenda kwetu, mafuta yalipanda malori na mabehewa ya reli, na kila kilomita iliingizwa kwenye bei. Lori la kubeba mafuta nalo linakunywa mafuta, na anayelilipia kinywaji ni wewe wa mwisho wa barabara.

Basi. Hakuna uchawi hapo.

Kilichoniuma mimi ni kitu kingine. Wakubwa walijaza magari ya serikali pale Nairobi kwa bei ya chini, na hata hiyo hawakutoa mfukoni mwao. Halafu nyanya yangu, tunamwita Kukhu, anaishi mwisho wa barabara, hana hata baiskeli. Chumvi yake, sabuni yake, sukari yake, mafuta yake ya taa, vyote vimefika kwake vimebebwa na petroli ya bei ya juu. Yaani asiye na gari ndiye anamlipia kila mwenye gari.

Na tusijifanye ni mambo ya mashambani peke yake. Pale pale Nairobi, mama wa Huruma alinunua mafuta ya taa dukani kwa chupa ya soda, kila jioni chupa moja, kwa sababu hakuwa na pesa ya kujaza dumu kwenye pampu. Piga hesabu ya chupa mpaka ijae dumu, utakuta Huruma ni ghali kuliko mpakani. Huo mji haukuwa kwenye ile karatasi.

Mimi niliisoma karatasi mpaka nikaikariri kama sala. Miji yote, petroli na dizeli na mafuta ya taa. Nikawa mtaalamu. Mnajua vile kijana wa Form Two anakuwa akijua kitu kimoja ambacho wazee hawajui? Nilikuwa sikaliki karibu.

Hapo ndipo baba mdogo akafariki.

Zablon, mdogo wake baba yangu. Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mablanketi Industrial Area, anaishi Umoja na mkewe, Mama Rispa, na watoto watano. Kifua kilimshika msimu wa mvua. Alikohoa wiki tatu, akaenda hospitali siku ya Jumatatu, Ijumaa hayuko.

Zablon hakuwa amekanyaga nyumbani miaka minne. Kule kijijini alikuwa ameshapewa jina. Waliosafiri walirudi na habari kwamba Kukhu analalamika kwa majirani: mwanangu ameliwa na mji, mwanangu ameoa Nairobi. Na sisi wengine tuliitikia kwa vichwa, tukijua baba mdogo ni mtu wa kubana mkono. Nyinyi pia mnaye mmoja kwenu, msijifanye.

Kukhu alipopata habari za kifo alituma neno moja kupitia kwa mwenye duka aliyekuwa na simu. Alisema: "Msimpigilie misumari. Nataka kumwona uso kabla hajaenda."

Wakuu, hiyo ndiyo kazi tuliyopewa. Kumfikisha mtoto kwa mama yake, mfuniko ukiwa haujapigwa misumari, mama amwone. Hakuna kingine. Hata mbuzi angeweza kuielewa.

Jumapili baada ya kanisa tukakutana kwa Zablon Umoja, watu wa nyumbani wote. Mwenyekiti alikuwa Mzee Joktan, fundi viatu, mtu wa kusimama hata akiomba chai. Mchango ukapatikana wa jeneza, na jirani akatufuta jasho kwa upande wa gari. Huyo jirani aliitwa Mzee Njoroge, Mkikuyu wa Murang'a, alikuwa na lori kuukuu la kubeba mbao za Gikomba. Alisimama mlangoni akasema, "Zablon alikuwa jirani yangu. Lori nawapa bure. Nyinyi wekeni mafuta tu."

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akalia.

Na mimi nikasimama.

Nikawaeleza ile karatasi yote, mji kwa mji. Nikawaonyesha kwamba lori la Njoroge ni la petroli na linakunywa kama harusi. Tukijaza tanki Nairobi litaisha njiani, na huko njiani tutaanza kununua petroli ya bei ya juu, kila mji na bei yake, mpaka nyumbani, halafu turudi na bei hizo hizo. Dawa ni moja. Tununue pipa zima hapa hapa Nairobi tubebe nalo. Tuwakomoe.

Sijui nilitaka kumkomoa nani. Lakini neno hilo lilipendwa sana.

"Kijana amesoma," Mzee Joktan akasema, na wazee wakatikisa vichwa.

Njoroge peke yake ndiye hakutikisa. "Kijana, mimi nabeba mbao. Hiyo kitu yako ni bomu. Na mimi navuta sigara."

"Utavutia nje, mzee."

"Nje ya gari inatembea?"

Watu wakacheka, na mimi nikashinda kura. Ndivyo mambo mengi ya hatari hupitishwa kwetu, mtu mmoja anauliza swali la maana na wengine wanacheka.

Pipa nililipata Gikomba, lilikuwa la mafuta ya kupikia. Kifuniko chake kilikosa mpira wa ndani. Nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikazungushia, nikapaka sabuni pembeni vile mafundi wa magari huziba tanki linalovuja. Nikaligeuza, halikutoa tone. Nilijipongeza kwa soda.

Tuliondoka Umoja Ijumaa kabla ya jua, tukipanga kufika saa kumi jioni ili Kukhu amwone mwanawe mchana, na Jumamosi tuzike. Watoto walikuwa wametangulia kwa basi na shangazi yao. Nyuma ya lori kulikuwa na jeneza, pipa, na watu kumi na wanne pamoja na kwaya ya kina mama, wamekaa juu ya mafurushi yao wakiwa wameegemea pipa kama mto. Mbele tulikuwa watatu: Njoroge, Mama Rispa na mimi mtaalamu.

Mambo yalikuwa mazuri mpaka karibu na Nakuru. Kizuizi cha askari.

Afande mmoja mnene, mpole, akazunguka nyuma ya lori. Kwaya ikanyamaza katikati ya wimbo.

"Hii ni nini?"

"Ni marehemu, afande," Mzee Joktan akajibu kutoka juu.

"Hiyo naona. Hii ingine?"

Nikashuka mbele, nikasema kwa sauti ya heshima, "Ni petroli, afande."

Akahesabu kwa vidole. "Mmebeba maiti na petroli na kwaya, zote pamoja?"

Nikaanza kumweleza habari za karatasi ya bei. Akaniinulia mkono. Akasema hapana, sheria hairuhusu kubeba abiria na pipa la petroli nyuma ya lori, na wala hataki kitu kutoka kwetu, anataka tu tusife kwenye barabara yake. "Chagueni. Watu ama petroli. Moja inashuka."

Wakuu, sasa niambieni nyinyi. Mtu mwenye akili anachagua nini?

Tulichagua petroli.

Mimi ndiye niliyeongoza hiyo hoja. Nikasema petroli imeshanunuliwa, haiwezi kupanda basi, lakini watu wanaweza. Mzee Joktan akaona ni busara. Wakashuka wote kumi na wanne na mafurushi yao, kina mama wa kwaya na vitenge vyao, wakasimama kando ya barabara kungoja basi. Nauli ya watu kumi na wanne kutoka Nakuru mpaka kwetu sijawahi kuipigia hesabu. Mpaka leo naiogopa.

"Na huyu?" nikamuuliza afande, nikionyesha jeneza.

Afande akavua kofia, akajikuna kichwa. Nilimhurumia, haikuwa kwenye mafunzo yake. Mwishowe akasema, "Huyo si abiria. Huyo anaweza kwenda."

Basi tukaenda. Nyuma lori zima lilibaki na Zablon na pipa.

Mnaona kosa liko wapi? Njoroge aliliona. "Pipa ilikuwa inashikwa na hao akina mama," alisema. "Funga na kamba." Nikamwambia pipa zito kama hilo haliendi popote. Nilikuwa nimeshinda mara mbili tayari, singeanza kusikiliza watu sasa.

Tulipanda milima mpaka Timboroa, baridi ya kule, ukungu. Tulipoanza kuteremka kulikuwa na kona moja mbaya. Tukasikia kishindo nyuma, na kitu kikiviringika.

Mama Rispa alikuwa hajasema neno tangu Nairobi. Akasema, "Simamisha. Kuna kitu kimemwangukia bwana yangu."

Pipa lilikuwa limelala ubavu, kifuniko kikiangalia jeneza. Tyubu yangu na sabuni yangu havikuonekana. Petroli ilikuwa imemwagika juu ya mbao, na kwa kuwa mfuniko haukupigwa misumari, imeingia ndani.

Njoroge alikuwa na sigara mdomoni, haijawashwa. Aliitoa polepole kwa vidole viwili, akaenda mbali sana, akaiweka juu ya jiwe kama yai.

Tulisimamisha pipa. Lilikuwa limebaki na robo hivi. Tukafungua jeneza. Begani na kifuani suti ilikuwa imelowa, na harufu ilikuwa ya kututoa machozi. Nasema machozi halisi, hayo ya macho kuwasha, tulilia sote watatu kama watoto na sijui hata leo yapi yalikuwa ya Zablon na yapi ya petroli. Mama Rispa akavua leso yake ya kichwani, akaanza kumpangusa mumewe. Nikataka kumsaidia. Akanisukuma mkono. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Njoroge alikataa kugusa ufunguo wa gari mpaka mbao zikauke. Tukamwaga mchanga, tukafagia kwa matawi, tukangoja upepo. Masaa matatu na zaidi. Jua likapita vichwani mwetu likaanza kushuka upande wa kwetu, na mimi najua Kukhu ameketi uani tangu asubuhi, anaangalia barabara.

Ile robo ya pipa tuliiongeza kwenye tanki kidogo, iliyobaki nikaifunga kwa kamba, sasa ndiyo najua kufunga. Lakini hatukufika nayo mbali. Milima ilikuwa imekula tanki na Njoroge hakutaka tena kufungua pipa karibu na jeneza. Kwa hiyo kwenye mji mmoja mdogo, saa kumi na moja na nusu, tuliingia petrol station. Akatoka kijana amevaa ovaroli na kofia kama zangu. Bei ilikuwa ile ile ninayoijua kwa moyo, moja ya zile za mwisho wa karatasi, ghali kabisa.

"Jaza," Njoroge akamwambia. Halafu akanigeukia. "Hata ya hapa inachoma, si ndio?"

Tulifika nyumbani giza limeingia.

Kwaya yetu ilikuwa imefika zamani, kwa basi. Walikuwa wameoga, wamekula, wameimba nyimbo zote walizozijua na kurudia. Uani kulikuwa na moto mkubwa wa matanga, na watu waliposikia lori walikuja mbio kutupokea na karabai mikononi, taa zinavuma, wengine na vijiti vya moto, wanalia kwa sauti.

Kwa kawaida mtu akiletwa nyumbani, kuna maneno ya kusema. Aliyemleta anasema tumemleta mwana wenu.

Njoroge aliruka chini akapiga ukelele: "Zimeni taa! Rudi nyuma na moto! Zima! Zima!"

Hayo ndiyo maneno Zablon alipokelewa nayo kwao.

Watu walitawanyika kama kuku. Mtu mmoja alidhani tumebeba ugonjwa. Karabai moja ilitupwa kwenye migomba. Tulipomaliza kueleza, ikaamuliwa jeneza liwekwe mbali kabisa na moto, upande upepo unakotoka, nyuma ya zizi. Na hapo akawekwa, peke yake gizani, na matanga yake yakiwaka kule mbali bila yeye.

Kukhu akaja akiwa ameshikwa mkono. Yaliyosemwa hapa yalikuwa kwa lugha ya kwetu, mimi nayaandika kwa Kiswahili.

"Mbona hamna taa? Mnanificha nini?"

Mzee Joktan, msemaji wetu, alikuwa amegundua kitu cha maana sana cha kuangalia kwenye viatu vyake. Nikasema, "Ni petroli, Kukhu. Ilimmwagikia njiani."

"Petroli ya nini?"

"Tulitaka kuokoa pesa."

Halafu akasema wafungue. Wakamwambia asubiri asubuhi, kukiwa na mwanga atamwona vizuri. Akasema amengoja miaka minne na leo siku nzima, hangoji asubuhi ya mtu.

Wakafungua.

Aliinama akaweka mikono usoni kwa mwanawe. Alianza na paji la uso, akashuka machoni, akafika mashavuni. Hapo akasimama. Akarudia mashavu. Akashuka shingoni, akashika mfupa wa bega, akaushika tena kama hajaamini.

"Huyu amekwisha," akasema. "Mashavu yake yako wapi?" Akageuka gizani kumtafuta Mama Rispa. "Mlikuwa mnamlisha nini huko?"

Watu wote walikuwa pale, wakuu. Mashangazi, majirani, wale wote waliokuwa wamesema ameliwa na mji. Nilisikia mtu akiguna, lile guno la kumhukumu mwanamke. Kule kwetu guno kama hilo linaweza kumfuata mjane mpaka kaburini kwake.

Mama Rispa hakupandisha sauti.

"Alikuwa anakula, mama. Alikuwa anatembea."

"Anatembea wapi?"

"Kazini. Nauli ilipanda, halafu ikapanda tena, wakisema ni mafuta. Tukaona haitoshi nauli na karo. Akaanza kwenda kwa miguu. Kutoka Umoja mpaka kiwandani, na jioni kurudi. Jua, mvua. Mwaka wa pili huu. Alikuwa akifika akiwa amelowa, analala na hiyo baridi, asubuhi anaamka anaenda." Akapumua. "Kuja huku na watoto watano, mama, ingekuwa karo ya muhula mzima. Alisema bei ikishuka tutakuja wote. Kila mwaka alisema hivyo."

Hakuna aliyeguna tena.

Kukhu alikaa chini pale pale kwenye nyasi, kando ya jeneza. "Mimi nimekuwa nikimsema," akasema. "Kwa kila mtu. Miaka minne nimekuwa nikimsema vibaya mtoto wangu."

Nilitamani nijifiche nyuma ya lori. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Na wewe," akaniambia. "Si wewe ndiye unauza hayo mafuta?"

"Mimi naweka tu, Kukhu."

"Bei yake unaijua?"

"Naijua."

"Ya kila mji, nimesikia ukisifiwa."

"Ndiyo."

"Na hukujua ndugu ya baba yako anatembea."

Shauri Moyo na Umoja si mbali, mtu anakwenda na kurudi Jumapili moja. Nilikuwa nimekaa kwake nikinywa chai mara ngapi, nikimweleza habari za petroli! Alikuwa akinisikiliza vizuri sana, anauliza na maswali. Hakuwahi kuniambia kitu. Na mimi sikuwahi kuuliza kwa nini amekonda, nilidhani ni umri.

Jumamosi asubuhi, kukiwa na mwanga wa kutosha, walimwita Kukhu aje amtazame kabla ya kufunga. Alikataa. Alisema ameshamwona.

Tukamzika. Alinuka petroli mpaka udongo ulipomfunika.

Bado nina kichekesho kimoja, na kinaniuma. Hatujatoka makaburini wakaanza kuja watu wa pole. Mwenye pikipiki. Mwenye pick-up ya kubeba maziwa. Mtu wa ofisi ya chifu. Kila mmoja anakushika mkono kwa uchungu, na mkono wa pili nyuma ameficha dumu. "Poleni sana kwa msiba. Tumesikia mna petroli ya Nairobi." Maskini wa kijiji kile hakuna aliyekuja na dumu, angeweka wapi? Faida yote ya akili yangu ilikuwa inaenda kwa wale watatu wenye injini.

Njoroge ndiye aliyewafukuza. Alisimama juu ya lori akasema hiyo petroli ni ya kumrudisha Mama Rispa na watoto wake Umoja, na hakuna mtu ataitisha nauli. Na ndivyo alivyofanya. Mtu ambaye hata si wa kwetu.

Mimi nilirudi kazini Jumatatu. Niliendelea kuweka watu mafuta miaka mingine sita, na bei ilipanda mara nyingi. Siku moja au mbili ilishuka kidogo. Nauli sikuiona ikishuka hata mara moja.

Funzo langu ni hili, na nimelilipia. Kubishana mji gani unauziwa ghali ni kazi rahisi, unaifanya umeketi. Mimi nilikuwa bingwa wa hiyo kazi. Mafuta yakipanda hayapandi kwenye karatasi, yanapanda kwenye mwili wa mtu fulani unayemjua, na mara nyingi ni yule asiyesema. Anapunguza mlo wa mchana, anashuka vituo viwili kabla, anaacha kuja nyumbani, na sisi tunamwita mchoyo. Siku hizi bei ikitangazwa siangalii mji wowote. Naangalia viatu vya watu wa nyumbani kwangu, soli imeisha upande gani, halafu nauliza.

Haya, nimemaliza, uwanja ni wenu. Wa kunicheka kwa pipa, nichekeni, nilistahili. Lakini kabla hujarudi kwenye kurasa zako kumi na nne, tuambie hapa chini: kwenu ni nani alitembea, na mlijua lini?